Nyota ya pembe sita: kisa cha skrubu mbili ndani ya stelingi

Majina ya watu, namba ya gari na jina la gereji nimeyaondoa. Vipimo, mfuatano wa siku na makosa nimeviacha kama vilivyokuwa, maana humo ndimo ilimo faida kwa fundi mwenzangu. Kazi hii niliisimamia mimi, na uamuzi ulioiharibu mwanzoni niliutoa mimi.

Usuli

Gari ilikuwa Toyota Noah ya miaka ya mwanzo ya 2000, inayochukua watoto wa skuli asubuhi kutoka Fuoni kuja mjini Zanzibar na kuwarudisha mchana. Mwenyewe ni mama mtu mzima. Dereva ni mpwa wake. Walituletea Jumamosi, watoto wakiwa wamefunga wiki, kwa malalamiko mawili: honi hailii, na taa ya eabegi (mfuko wa hewa wa kumkinga dereva gari ikigonga) kwenye dashibodi haizimiki. Dereva aliongeza kwamba mwanzoni honi ilikuwa ikilia pale tu stelingi inapokatwa upande mmoja, kisha ikanyamaza kabisa.

Maneno hayo ya dereva yalikuwa nusu ya uchunguzi. Nyuma ya stelingi za gari hizi kuna kasha la plastiki la duara, na ndani yake umekunjwa waya bapa kama utepe. Kazi ya utepe huo ni kupitisha umeme wa honi na wa eabegi huku stelingi ikizunguka. Ukichoka hukatika mahali pa mkunjo, na kabla haujakatika kabisa hugusana na kuachana kadiri unavyokata kona. Tulipima fyuzi, nzima. Rilei, nzima. Honi yenyewe tuliichukulia umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri, ikalia mpaka jirani akatoka nje. Palibaki utepe.

Kubadilisha utepe si kazi ngumu. Unavua eabegi, unafungua nati ya stelingi ya milimita 19, unavuta stelingi, unatoa kasha la zamani na kuweka jipya. Tatizo liko kwenye hatua ya kwanza. Eabegi ya gari hii haishikwi na kitu unachokiona ukikaa kwenye kiti. Imeshikwa na skrubu mbili, moja kila ubavu wa stelingi, ndani ya matundu yaliyofunikwa kwa vifuniko vidogo vya plastiki. Ukiving'oa vifuniko unaona giza. Ukimulika tochi ndipo unaona kichwa cha skrubu kule chini, na tundu lake lina umbo la nyota ya pembe sita.

Hiyo nyota ni ipi

Hapa nasimama kidogo, kwa sababu kisa chote kimeegemea jambo hili.

Kwetu ukisema "bisibisi ya nyota" kila mtu anajua unachotaka: ile ya msalaba, yenye pembe nne. Jina hilo limekaa tangu zamani na halina kosa lolote, ila limeshachukuliwa. Nyota ya pembe sita ilikuja baadaye. Kampuni ya Marekani iitwayo Camcar Textron ndiyo iliyoibuni mwaka 1967 na kuipa jina Torx, na ukubwa wake huandikwa kwa herufi T na namba: T10, T15, T20, T25, T27, T30, T40 na kuendelea.

Tofauti yake na msalaba iko kwenye kuta. Tundu la msalaba lina kuta zilizolala, kama bakuli. Ukikaza sana bisibisi hupanda ukutani na kuruka nje, ndiyo maana unalazimika kuisukuma kwa kifua. Kuta za nyota ya pembe sita zimesimama karibu wima. Nguvu ya mkono wako inakwenda kwenye kuzungusha, haipotei kwenye kupanda. Basi ukiona biti ya Torx, yaani ncha ya bisibisi inayochomekwa kwenye kishikio, inateleza, usiilaumu skrubu kwa ugumu kabla hujakagua mambo mawili: namba si yake, au biti haijashuka mpaka chini.

Namba zenyewe zimekaribiana kiasi cha kumdanganya mtu. Kutoka ncha hadi ncha, T25 ina kama milimita 4.4, T27 kama 5.0, T30 kama 5.5, T40 kama 6.7. Kati ya T27 na T30 kuna nusu milimita. Mkono haukwambii hiyo nusu milimita ukiwa unapapasa gizani.

Skrubu za eabegi ya gari hii ni T30.

Jumamosi: "Imeingia, lakini inacheza"

Kisanduku chetu cha biti kilikuwa na nafasi ya T30 iliyo wazi. Ilivunjika miezi ya nyuma kwenye kazi nyingine na hakuna aliyeirudisha. Hata ingekuwepo isingesaidia, nitaeleza kwa nini.

Tulianza vizuri. Tulitoa waya hasi wa betri. Maelekezo ya Toyota ni kusubiri angalau sekunde 90 kabla ya kugusa chochote cha eabegi, ili umeme uliohifadhiwa kwenye kompyuta yake upungue. Sisi tulisubiri muda wa kunywa kikombe cha chai. Eabegi ina kiwashio na kemikali inayojaza mfuko kwa kufumba na kufumbua. Kwenye kazi hii hapana nyundo, hapana moto, hapana kuchomelea, na hapana kupima eabegi yenyewe kwa mita ya umeme, kwa sababu hata umeme mdogo wa mita unaweza kuiwasha.

Mwanagenzi wetu, kijana mwenye bidii ambaye ningependa kila gereji impate mfano wake, alikwenda kwa jirani anayepasua mbao za minazi kwa msumeno wa moto. Alirudi na bisibisi ndefu yenye mpini wa T na ncha ya nyota ya pembe sita. Ilikuwa nyembamba, ndefu, ikapenya ndani ya tundu kama iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Alianza na upande wa kushoto. Akaizungusha kidogo, akageuka kuniangalia.

"Fundi, imeingia, lakini inacheza."

Nilikuwa chini ya gari nyingine. Nikamjibu, "Isukume ndani, kaza mkono."

Akakaza. Nikasikia mlio mkavu, kama mtu anayevunja njiti. Bisibisi ilizunguka, skrubu haikuzunguka.

Nilitoka chini ya gari, nikaichukua ile bisibisi na kuisoma shinani chini ya mwanga: T27. Misumeno mingi ya moto ya Stihl imefungwa kwa T27, kwa hiyo bisibisi inayokuja na msumeno ni hiyo. Kijana alikuwa ameniambia ukweli wote kwa maneno matatu. Biti sahihi haichezi. Ukiisikia inacheza, hapo ndipo pa kusimama, na mimi nilimwambia aendelee.

Jirani na alenki

Alasiri ile ile walifika mafundi wawili wa barzani kutazama. Mmoja alishauri tupige alenki namba 5, ule ufunguo wa chuma wenye pande sita bapa, ndani ya tundu kwa nyundo. Ushauri huu nimeusikia mara nyingi na nataka kuujibu kwa hesabu. Alenki ya milimita 5 hupimwa ubavu kwa ubavu. Kutoka kona hadi kona ina kama 5.8. Tundu la T30 lina 5.5. Ndiyo maana inahitaji nyundo: inaingia kwa kukata chuma. Kwenye bolti ya mlango au ya boneti unaweza kuchagua kufanya hivyo ukijua unaiua bolti. Hapa kile kinachopigwa nyundo kimefungwa kwenye kiwashio. Nilikataa. Mwenzetu hakufurahi, akasema ameshafanya mara nyingi na hakuna kilichotokea. Simlaumu, kitu hicho huhitaji kutokea mara moja tu.

Wa pili alishauri tukate plastiki ya nyuma ya stelingi ili mpini wa bisibisi upate nafasi. Huo nao tuliukataa, kwa sababu gari si yetu na bado hatukuwa tumepima chochote.

Tukafunga kazi. Nilimpigia mama mwenye gari nikamweleza lililotokea, pamoja na kwamba skrubu moja imechubuka mikononi mwetu. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza Jumatatu watoto waende na nini. Tulikubaliana kwamba tutamtafutia gari ya kuazima kwa gharama yetu mpaka Jumatano.

Jumatatu: maduka matano

Nilimtuma kijana Darajani, mimi nikazunguka Mwanakwerekwe. Kati yetu tuliingia maduka matano ya zana.

Yaliyotokea yalifanana kila mahali. Ukisema "nataka nyota ndefu," unaletewa msalaba, na wa kila urefu. Ukisema "Torx," unaletewa kisanduku cha kufungulia simu chenye T5 na T6. Ukisema "nyota ya pembe sita," muuzaji mmoja alileta boksi za duara zenye nyota ndani, zile zinazoandikwa E, ambazo huvishwa juu ya kichwa cha bolti iliyochongwa nyota kwa nje. Ni kitu kingine kabisa. Duka moja lilikuwa na biti zenye meno kumi na mawili za gari za Kijerumani, XZN, ambazo kwa haraka zinafanana na Torx. Ukiipachika kwenye T30 inaharibu yenyewe na tundu pia.

Kijana alirudi na ushindi mdogo: kisanduku cha biti fupi za milimita 25, ndani yake T30 halisi. Alikuwa ametumia Sh. 12,000 za mfukoni mwake. Tuliichomeka kwenye kishikio chenye sumaku. Kishikio kikagonga mdomo wa tundu la stelingi na kukwama. Kilikuwa kinene kuliko tundu. Biti sahihi ilikuwa mkononi, na ilikuwa sawa na kutokuwa nayo.

Jioni ile tulikuwa tumeshakubaliana kuagiza Dar es Salaam. Kasha jipya la utepe tayari lilikuwa linatafutwa huko na fundi mwenzetu, maduka ya Gerezani na Kariakoo, ije pamoja na boti. Nilikuwa naandika ujumbe wa kumwongezea hiyo biti, nikajikuta nimeandika "T30 ndefu" halafu nikakwama. Ndefu kiasi gani? Nene kiasi gani? Sikujua. Nilikuwa nimetembea siku nzima natafuta kitu nisichokijua kipimo chake.

Jumanne: sabuni, chelewa na kalipa

Asubuhi tulianza upya, kama vile gari imeingia saa ile.

Kwanza tundu la skrubu ya kulia, ambayo haikuwa imeguswa. Tulichukua kipande cha sabuni ya kufulia, tukakilainisha kwa vidole mpaka kikawa kama unga wa kukanda, tukakibandika kwenye ncha ya kijiti chembamba cha duara na kukibonyeza ndani ya kichwa cha skrubu. Tulipokitoa kilikuwa kimebeba umbo kamili: pembe sita, safi, bila shimo katikati. Hilo la katikati lina maana. Kuna Torx za usalama zenye kijiti kimesimama katikati ya tundu, na hizo zinataka biti iliyotobolewa ncha. Hapa hapakuwa na kijiti, kwa hiyo tulitaka biti isiyotobolewa, ambayo ni imara zaidi. Tulipima ncha kwa ncha ya sabuni kwa kalipa, kile chombo cha kupimia unene: 5.5. T30 bila shaka.

Pili kina. Tulichomoa njiti moja kwenye ufagio wa chelewa, tukaiingiza mpaka ikagusa skrubu, tukaibana kwa ukucha kwenye mdomo wa tundu na kuipima: milimita 42. Mdomo wa tundu: milimita 11. Kishikio chetu cha sumaku: milimita 12. Milimita moja ilitugharimu siku nzima na Sh. 12,000 za mtoto wa watu.

Tatu, nafasi iliyoko nyuma ya tundu. Hiki ndicho kipimo ambacho mafundi wengi hatukichukui, na mimi nilikuwa mmoja wao. Stelingi ikiwa imenyooka, kati ya tundu la kulia na mkono wa indiketa palikuwa na kama milimita 70. Bisibisi yenye mpini haiwezi kunyooka hapo. Itaingia kwa kulala, na biti iliyolala hushika kwa pembe mbili badala ya sita. Lakini stelingi inazunguka! Tuliweka ufunguo ili isijifunge, tukaikata robo mzunguko, tundu likaja juu, mbali na mikono ya indiketa na waipa, uwazi mtupu mbele yake. Haikugharimu kitu. Yule aliyetaka kukata plastiki angekata bure.

Tuliandika kwenye karatasi: *T30, isiyotobolewa. Shina lisizidi milimita 10 unene. Urefu wa shina pekee angalau milimita 60. Tako la racheti robo inchi au tatu kwa nane.* Chini yake tukachora nyota yenyewe kwa ukubwa, na tukapiga picha ya sabuni ikiwa pembeni ya rula.

Kabla ya kuituma Dar nilirudi nayo duka la mtaa wa pili, nililoingia jana yake. Muuzaji aliisoma karatasi, akaenda nyuma, akafungua mtoto wa meza wa chini kabisa penye boksi za gari kubwa, akatoa biti moja ya shina refu iliyopakwa mafuta na kufungwa kwenye karatasi. T30, tako la tatu kwa nane, shina la milimita 100, unene wa 8.

"Jana uliniuliza nyota," akasema. "Nyota ni zile pale."

Sh. 9,000.

Jumatano: kufungua

Kasha la utepe lilipanda boti ya mchana, saa mbili hivi za baharini, tukalichukua bandarini Malindi. Jioni tulikuwa kwenye gari.

Skrubu ya kulia ilifunguka kwa mkono mmoja. Hapa kuna jambo la kumwambia mwanagenzi mapema: skrubu hizi hazitoki. Zina mfereji unaozizunguka shingoni, na unapozilegeza mfereji hunasa kwenye kikasha chake. Zinazunguka bure zikiwa zimebaki mle mle. Kijana wetu aliendelea kuzungusha akitaka itoke, akidhani nyuzi zimekufa. Ukifika hapo, acha. Imeshaachia.

Ya kushoto, iliyochubuliwa na T27, ndiyo iliyoniweka roho juu. Biti mpya iliingia lakini ikabaki juu, haikushuka kama ile ya kulia. Tulijua kwa sababu tulikuwa tumeweka alama ya tepu kwenye shina. Tofauti ilikuwa kama milimita 2. Nilimulika tochi kwa pembe na kuona kitu cheusi chini ya tundu: vumbi la barabara lililochanganyika na jasho na mafuta ya mikono kwa miaka, na juu yake vipande vidogo vinavyong'aa vya chuma tulichokikwangua Jumamosi. Kijana alikwenda nyumbani kwao akaleta sindano ya kushonea makofia, ndefu na ngumu. Tuliishikiza kwenye kijiti, tukachokoa pembe moja moja, tukapuliza, tukachokoa tena. Ilichukua kama dakika ishirini. Uchafu uliotoka ungejaza ukucha wa kidole kidogo, si zaidi.

Biti ikashuka mpaka kwenye tepu.

Tuliipaka ncha yake pesti ya kusagia valvu, chembe kidogo tu, ile chengachenga yake huongeza mshiko pale kuta zilipochubuka. Mkono mmoja ukaisukuma biti inyooke, mwingine ukavuta racheti polepole bila kushtua. Ilipiga "tik" na kuzunguka. Nilimwachia kijana amalizie.

Yaliyofuata yalikuwa kazi ya kawaida. Plagi ya njano ya eabegi ikachomolewa, eabegi ikalazwa mezani uso juu. Stelingi na shina lake vikawekwa alama kabla ya nati kufunguliwa. Kasha jipya lilizungushwa kinyume cha saa mpaka likawa zito, kisha likarudishwa mizunguko 2 na nusu mpaka alama zikakutana. Ukiruka hatua hiyo, utepe mpya unakatika kona ya kwanza kubwa. Skrubu za eabegi tulizikaza kwa toki (nguvu ya kuzungusha) ya 8.8 N·m. Betri ikarudishwa, taa ya eabegi ikawaka kama sekunde 6 na kuzima. Honi ikalia stelingi ikiwa kushoto, katikati na kulia.

Matokeo

Gari ilirudi kwa mwenyewe Jumatano usiku na Alhamisi asubuhi ilichukua watoto. Tulimtoza bei ya kasha na kazi ya kawaida ya saa mbili. Gari ya kuazima na siku zilizopotea tulizibeba sisi. Kijana alirudishiwa Sh. 12,000 zake. Skrubu ya kushoto ilibaki na mchubuko kwenye kuta za juu, lakini biti inashuka mpaka chini na inashika, kwa hiyo tuliiacha na kuandika hivyo kwenye daftari la gari: ikifunguliwa tena, isafishwe kwanza.

Uchambuzi

Nianze na kilichoshindikana, maana ndicho kikubwa.

Tazama ile toki: 8.8 N·m. Ni ndogo. Mtu mzima anaifikia kwa kifundo cha mkono kwenye mpini wa T. Skrubu iliyofungwa kwa nguvu hiyo, hata ikikaa miaka ishirini, haihitaji mtu kukaza mkono mpaka chuma kilie. Mimi niliposema "kaza mkono" nilikuwa najibu tatizo la nguvu, na tatizo lilikuwa la mkao. Ningekuwa nimeijua namba ya toki kabla, ningejua kwamba kuteleza kule hakuwezi kutokana na ugumu. Siku hizi kwenye gereji yetu kila kazi ya skrubu iliyojificha huanza kwa kutafuta toki yake kwenye mwongozo, hata kama spana ya toki haitatumika wakati wa kufungua.

La pili ni namna tulivyomsikiliza kijana. Alikuwa na habari ambayo hakuna mwingine aliyekuwa nayo, kwa sababu mkono wake ndio uliokuwa kwenye bisibisi. Mwanagenzi huona haya kusema kitu mara ya pili baada ya fundi kujibu. Kwa hiyo jibu la kwanza la fundi lina uzito kuliko tunavyodhani, na fundi aliye chini ya gari nyingine hafai kulitoa. Sasa neno "inacheza" kwetu linasimamisha kazi, asemaye awe nani, na anayesimamia kazi atoke alipo aje kutazama.

Utafutaji wa Jumatatu ulishindwa kwa sababu ya maneno. Bidhaa ilikuwepo. Ilikuwa mtaa wa pili, na muuzaji hakuificha. Alijibu swali aliloulizwa. Sisi mafundi tunapenda kusema kisiwani hakuna vitu, na kweli vipo vingi visivyopatikana, lakini safari hii nisingeweza kusema hivyo kwa haki. Muuzaji wa zana si lazima awe ameshawahi kufungua eabegi. Anahitaji umbo, namba, unene na urefu, kwa maandishi, na mchoro kama upo. Karatasi ile bado ipo. Tumeibandika ukutani juu ya benchi, na kila biti mpya inayonunuliwa huandikwa vipimo vyake vinne kwenye tepu inayozungushiwa shina.

Kati ya vipimo hivyo, kile cha unene ndicho kilichonifundisha zaidi. Tulizoea kufikiria urefu peke yake: skrubu iko mbali, basi leta ndefu. Biti fupi ya kijana haikushindwa kwa ufupi. Ingeunganishwa na kishikio ingefika. Ilishindwa kwa sababu kishikio kilikuwa kinene kwa milimita moja. Mnyororo wote unaoingia tunduni, kuanzia biti, kishikio mpaka kiungo cha racheti, lazima upite mdomo wa tundu, na kipimo kinachotawala ni cha sehemu nene kuliko zote.

Kilichofanya kazi ni kukataa nyundo, na kukataa mapema, kabla mtu hajachoka. Ingekuwa Jumanne jioni, bila biti na huku mama anapiga simu, sina hakika ningekuwa na msimamo ule ule. Kumpigia mwenye gari siku ile ile pia kulisaidia kuliko nilivyotarajia: baada ya yeye kujua, hatukuwa tena na haraka ya kuficha, na haraka hiyo ndiyo inayomaliza skrubu.

Na sindano. Kama ningeulizwa Jumamosi ni kitu gani kitafungua skrubu iliyochubuka, ningetaja biti ya kugeuzia kushoto, drili, gundi ya chuma, vyote hivyo vikiwa marufuku karibu na eabegi. Iliyofungua ni biti ile ile sahihi, baada ya kupata milimita 2 za kina ilizonyimwa na uchafu. Torx inashika kwa kuta zake zote kwa pamoja. Ukiinyima robo ya kina, umeinyima robo ya mshiko, na ukuta wa chini ndio ambao T27 haikuwa imeugusa. Tungesafisha tundu Jumamosi asubuhi kabla ya kitu chochote kuingia, ingekuwa kazi ya dakika tano kwa skrubu zote mbili.

Neno kuhusu skrubu nyingine za gari hii hii, kwa kuwa tulizikuta njiani. Skrubu za kifuniko cha nguzo ya stelingi ni za msalaba, lakini msalaba wa Kijapani, ambao mara nyingi hutambulika kwa kitone kidogo kilichogongwa kichwani. Bisibisi ya msalaba ya kawaida hukaa juu juu mle na kuruka. Mojawapo tuliikuta tayari imeharibiwa na fundi wa kabla yetu, kwa kosa la aina ile ile tulilolifanya sisi. Tumeshanunua bisibisi mbili za kipimo hicho, na ile nafasi iliyokuwa wazi kwenye kisanduku sasa ina T30 mbili, fupi na ndefu. Bisibisi ya jirani tuliirudisha Jumapili, na kijana ameandika "27" kwa rangi nyeupe kwenye mpini wake, kwa idhini ya mwenyewe.